Nzi Walioshiba wa Mzee Masele

Kabula alikuwa na tabia ya kuyasalimia matikiti yake kila asubuhi. Usicheke. Wako watu wanaosalimia ng'ombe, na wako wanaosalimia pikipiki kabla ya kuiwasha. Kabula alisalimia matikiti.

"Mwangaluka!" aliyaambia kwa Kisukuma, kama unavyomsalimia mtu aliyeamka salama. Kisha akaligonga moja kwa kidole. Du! Hilo zima. Akagonga jingine. Du! Hilo nalo zima. Akagonga la tatu.

La tatu halikusema du. Lilisema pwa.

Kabula akachuchumaa haraka. Akalipindua. Chini yake palikuwa na doa laini, linatoa maji kama jicho bovu. Akalipasua kwa panga. Badala ya nyama nyekundu alikuta uji. Na katikati ya uji walikuwamo funza weupe, wanajikunja na kuruka, wana furaha kama watoto waliofunga shule.

"Hata hapa mmefika!" Kabula aliwaambia. Hakuwasalimia.

Shamba lake lilikuwa Nkololo, bondeni, karibu na kisima. Halikuwa kubwa. Lilizungushiwa ua wa miiba, na ndani ya ua alipanda mistari ya mahindi pande zote. Zamani hapo palikuwa malisho ya baba mkwe wake, Mzee Masele. Kiangazi, nyasi zote zikikauka, bonde hilo hubaki na kijani. Ng'ombe wa Mzee walilijua kama mtu anavyojua jiko la mama yake.

Mzee Masele alimpa Kabula bonde hilo kwa shida. Mwaka wa kwanza matikiti yaliliwa na funza. Mwaka wa pili Mzee akasema mbele ya ukoo mzima:

"Ng'wana Salu, lima tena kiangazi hiki. Yakitoka matikiti ya watu, shamba ni lako. Yakitoka matikiti ya funza, nafungua ua. Ng'ombe wangu warudi kwao."

Ng'wana Salu ni binti wa Salu, yaani Kabula mwenyewe. Na "kwao" maana yake shambani kwake. Sasa ndiyo unaelewa kwa nini sauti ya pwa ilimkata maini.

"Leo mangapi?" aliuliza mume wake, Masunga, akitua ndoo za maji.

"Usiniulize mangapi. Niulize yamebaki mangapi."

Masunga alichungulia uji wa tikiti. "Hawa funza wanakula vizuri kuliko mimi. Mimi jana nilikula michembe, vile viazi vikavu."

"Masunga, si utani. Baba atafungua ua."

Masunga akalibeba tikiti bovu, akaenda kulitupa kwenye lundo pembeni ya shamba. Lundo hilo lilikuwa karibu na mwanya wa ua. Lilikuwa na matikiti mabovu ya wiki nzima, yamepasuka, yamechacha, yanatoa povu. Mzee Masele ndiye aliyeagiza yawekwe hapo. Jioni, ng'ombe wake wakirudi kunywa maji, dume lake kubwa liitwalo Bulugu huingiza kichwa mwanyani na kula. Wenzake hufuata. Wanachokula wanakula. Wanachokanyaga kinabaki palepale.

"Kodi ya malisho," Masunga alipenda kusema.

Muda si mrefu akaja mama mkwe, Milembe, na beseni kichwani. Milembe alipika pombe ya mtama, na pombe yake ilisifiwa mpaka Lagangabilili. Kila akishachuja, machicha aliyaleta shambani. Alimwaga beseni zima kati ya mahindi na matikiti.

"Mbolea hiyo, mwanangu," alisema. "Ardhi inywe, nayo ifurahi."

"Wabeja, Mayu," Kabula akamshukuru. Mama mkwe amekuletea mbolea kichwani, utasema nini tena?

Usidhani Kabula alikuwa amekaa tu. Judica, bibi shamba wa kata, alikuwa ameshafika. Judica alizaliwa Moshi, na alipohamishiwa Simiyu alijifunza salamu moja tu, mwangaluka. Tatizo lake aliitumia mpaka jioni. Wazee walimcheka, lakini walimpenda.

Ni yeye aliyewaonyesha adui. "Funza hawaji wenyewe," aliwaambia. "Wanaletwa na nzi wa matunda. Huyu hapa, rangi ya hudhurungi, kiuno kama nyigu. Jike anatoboa tikiti changa kwa mkia, anataga mayai ndani. Mayai yanakuwa funza. Funza akishiba anatoka, anajichimbia ardhini, na anatoka tena akiwa nzi. Lakini jike hawezi kutengeneza mayai bila chakula cha kujenga mwili. Kwa hiyo tutamtegea chakula."

Akawafundisha mtego. Unachukua chupa tupu ya maji. Unaitoboa matundu madogo karibu na shingo. Ndani unatia maji, hamira, sukari kidogo, na sabuni ya unga kidogo. Hamira inatoa harufu. Nzi anaingia kula. Sabuni inamfanya azame asitoke. Chupa unazitundika kwenye mahindi ya pembeni, maana nzi hao hupenda kupumzika huko.

Kabula alifanya yote. Chupa zilining'inia kila upande. Lakini nzi hawakuingia. Walikaa juu ya majani karibu na chupa, wakajipangusa miguu, wakaondoka zao.

Mzee Masele alipita siku moja na fimbo yake. Akazitazama chupa. "Nani anaoa hapa?" aliuliza. "Naona mapambo."

Kabula alipiga goti kidogo kumsalimia, akatazama chini. Mkamwana hajibizani na baba mkwe. Lakini moyoni alijibu mengi sana, mengine siwezi kuyaandika hapa.

Sasa sikiliza jambo lilivyogeuka.

Siku aliyotundika mitego, Kabula alibakiwa na chupa moja. Alikwenda nayo kisimani kuchota maji. Ng'ambo ya kisima kuna miti ya minyaa, na nyuma yake shamba la pamba lililokwisha vunwa. Akaitundika kwenye mnyaa ili apate mikono miwili ya kuchotea. Alipomaliza kuchota akajitwisha ndoo, akaondoka. Chupa akaisahau.

Asubuhi ile ya pwa, alirudi kisimani. Akaona kitu cheusi kinaning'inia kwenye mnyaa. Alidhani ni kiota cha nyigu. Akasogea polepole.

Ilikuwa chupa yake. Imejaa nzi mpaka shingoni.

"Masunga!" alipiga kelele. "Masunga, nzugu! Njoo uone!"

Masunga alikuja mbio, akifikiri ni nyoka. Alikuja na jembe juu. Alipoona chupa akalishusha.

"Hii uliitia nini?"

"Hamira ileile! Sukari ileile! Nilichanganya kwenye ndoo moja!"

"Basi mbona kule shambani wanapita kama watu wanaoikwepa sadaka?"

Kabula alisimama akiikumbatia ile chupa ya nzi kifuani. Alikuwa anawaza kwa kasi. Hamira moja. Ndoo moja. Siku moja. Kule hakuna kitu, hapa wamejaa. Kwa hiyo kosa haliko kwenye chupa. Liko shambani kwake!

"Mpigie Madamu Judica," alisema. "Sasa hivi!"

*

Judica alifika mchana, nywele zimejaa vumbi la barabara.

"Mwangaluka!" alisalimu.

"Saa hizi ni mwadila, Madamu," alisema Mzee Masele. Naye alikuwa amefika. Habari za chupa iliyojaa nzi zilimfikia, na Mzee Masele hakuwa mtu wa kukosa vituko.

Judica aliitazama chupa ya mnyaani. Akatoa macho. Kisha alizitazama zile za shambani. Akaingia katikati ya mahindi na kusimama. Akanusa. Akanusa tena.

"Hapa kuna pombe?"

"Machicha yangu," alisema Milembe kwa fahari. "Mbolea."

"Na lile lundo?"

"Chakula cha ng'ombe wangu," alisema Mzee Masele kwa fahari zaidi.

Judica aliliendea lundo. Alichukua kijiti, akaligusa. Vuu! Nzi wakaruka kama moshi, wakatua tena palepale. Bibi shamba akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Kosa ni langu," alisema. "Nilileta mitego, sikuuliza nzi wanakula wapi. Kabula, hebu nikuulize. Ukiwa unapalilia, jua la saa saba, hujala tangu asubuhi. Mtu akikaanga dagaa nyumba ya tatu, utajua?"

"Nitajua! Nitajua mpaka kama ametia nyanya."

"Na ukishakula ugali ukashiba, akikaanga tena?"

Kabula alifikiri. "Aa, hapo atakaanga peke yake."

"Ndivyo alivyo nzi. Ana vipembe viwili kichwani, ndizo pua zake. Akiwa na njaa, mwili unaziamsha. Harufu kidogo tu ya chakula anaisikia na anaifuata. Akishiba, mwili unaziambia zipumzike. Harufu ipo, lakini haimwiti tena. Wataalamu wameliona jambo hili kwa vile vinzi vidogo vya ndizi mbivu. Hata kuna mbu ambao wakishashiba damu, harufu ya mtu haiwavuti mpaka wamalize kutaga."

Kabula aligeuka taratibu. Akatazama machicha. Akatazama lundo. Akazitazama chupa zake.

"Kwa hiyo hawa..." alisema, "hawa nzi wangu wako harusini! Wameshiba! Mimi ninawakaribisha chai wakati wametoka kula pilau!"

"Na machicha yana chachu, ndugu yake hamira," alisema Judica. "Wanakipata chakula kilekile bila kuzama. Kule mnyaani hakuna kitu. Pamba imevunwa, shamba ni tupu. Nzi wa kule wana njaa. Pua ziko macho."

"Yaya," alisema Mzee Masele. Yaya ni hapana, na Mzee aliisema akigonga fimbo chini. "Madamu, mimi nimefuga kabla sijaota ndevu. Dume likishiba linapigana. Dume likiwa na njaa linalala. Huyo nzi mwenye njaa atatoa wapi nguvu ya kunusa? Aliyeshiba ndiye hodari. Mnataka tu kuwanyima ng'ombe wangu chakula chao."

Kabula alikitazama kidole cha Mzee. Kilikuwa kinaonyesha mwanya wa ua. Kama Mzee hakubali, lundo litabaki. Lundo likibaki, nzi watashiba. Nzi wakishiba, matikiti yote yatasema pwa.

Ndipo Masunga akasema maneno ambayo mpaka leo anajisifia.

"Baba, si tuwashindanishe?"

"Kushindanisha nini?"

"Nzi. Wa kwako walioshiba, na wa Kabula wenye njaa. Tuone nani anafika kwanza kwenye hamira."

Macho ya Mzee Masele yakang'aa. Kama hujui, Usukumani ngoma huchezwa kwa pande mbili zinazoshindana, Bagika na Bagalu, na kila upande unavuta watazamaji kwake. Mzee Masele alikuwa Mgalu wa kufa na kuzikana. Salu, baba yake Kabula, alikuwa Mgika. Kuwashinda Bagika, hata kwa nzi, ni jambo la heshima.

"Lini?" aliuliza Mzee.

*

Jumamosi alfajiri, nzi bado wazito kwa baridi, Kabula na Masunga walikwenda kwenye mahindi. Waliwakamata kwa kitambaa cha chandarua kilichochakaa. Wakawagawa katika ndoo mbili, wakazifunika kwa kitambaa hichohicho.

Nzi wa Kabula walipewa maji tu, kwenye kipande cha pamba. Basi. Hakuna kingine.

Nzi wa Mzee Masele walifugwa. Mzee mwenyewe aliwatilia machicha. Akawatilia tikiti lililochacha. Baada ya chakula cha mchana akarudi kuwaongezea. Milembe alimwona ameinama juu ya ndoo, anaongea.

"Kuleni, wanangu," Mzee alikuwa anasema. "Kesho Bagalu tunacheza."

"Mimi katika ndoa hii sijawahi kubembelezwa hivyo," alisema Milembe, akapita zake.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, uwanja wa Mzee Masele ulijaa. Waliokuja kutazama walisema wanapita tu. Nani anapita tu huku amebeba mkeka?

Judica alining'iniza vyandarua viwili vya zamani vilivyoshonwa matundu. Katika kila kimoja aliweka chupa ya hamira upande mmoja, na ndoo ya nzi upande wa pili.

"Bagalu hapa!" alitangaza Masunga. "Bagika hapa! Madamu, fungua!"

Ndoo zikafunguliwa.

Nzi wa Mzee Masele walitoka kwanza. Wakaruka juu. Watu wa Bagalu wakapiga vigelegele. "Umeona?" Mzee alisema. "Shibe hiyo!"

Nzi wa Kabula hawakutoka. Walikaa kwenye ukingo wa ndoo, kimya.

Kabula alikisogelea chandarua. Pengine amewaua kwa njaa. Pengine Mzee alisema kweli. Aliliona bonde lake, akamwona Bulugu amesimama katikati ya matikiti, anatafuna.

"Wamelala," alisema Mzee Masele. "Niliwaambia."

Ndipo nzi mmoja wa Kabula akatikisa vipembe vyake. Akageuka. Akageuka tena, kama mtu anayesikia jina lake linaitwa mbali. Kisha akaruka moja kwa moja mpaka kwenye chupa. Akatembea kwenye shingo. Akaliona tundu.

Akaingia.

"Mmoja!" alilia Kabula.

Wa pili akaruka. Wa tatu. Kisha wakaja kwa kundi, wanapigana vikumbo kwenye matundu kama watu kwenye mlango wa basi la Mwanza. Chupa ikaanza kuwa nyeusi. Watoto walirukaruka. Wanawake walipiga vigelegele. Mtu fulani akaanza kupiga ndoo tupu kama ngoma.

Na nzi wa Mzee Masele? Wamo. Wamekaa juu ya chandarua wanajipangusa midomo. Mmoja alitua juu ya chupa yenyewe. Mzee akasogea mbele, fimbo mkononi. "Ingia! Ingia, mwanangu!" Yule nzi akatembea, akalipita tundu, akaenda kukaa kwenye kamba. Akanawa miguu.

"Huyo anatafuta kitanda," alisema Masunga.

Uwanja ukaangua kicheko. Mzee Masele hakucheka. Aliinua fimbo.

"Kuna dawa!" alisema. "Bagika wametia dawa kwenye chupa yao! Nawajua, hata kwenye ngoma walikuwa hivyohivyo!"

"Sawa, Baba," alisema Judica. "Tubadilishane chupa. Yako ije kwa Kabula, ya Kabula ije kwako."

Wakabadilisha. Watu wakasogea mpaka Masunga akaanza kuwasukuma nyuma. Chupa ya Mzee iliwekwa kwa nzi wa Kabula waliobaki. Haikukaa sana. Wakaingia mmoja baada ya mwingine. Chupa ya Kabula ikakaa kwa nzi wa Mzee, wao wakaitazama kama mtu anavyotazama sahani ya tatu ya makande.

"Nimeshinda, Baba!" Kabula alipaza sauti. Kisha akakumbuka anaongea na nani. Akaziba mdomo kwa kanga, akapiga goti.

Mzee Masele alikaa kwenye kigoda. Akavitazama vyandarua muda mrefu.

"Madamu," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Kwa hiyo pale bondeni, mimi ndiye ninayewalisha?"

"Mimi ndiye mpishi," alisema Milembe. "Wewe ndiye mwenye harusi."

Safari hii Mzee alicheka. Alicheka mpaka akatoa leso.

"Haya, mmeshinda," alisema. "Lakini ng'ombe wangu nao wale. Mnasemaje?"

Wote wakamtazama Judica, lakini aliyejibu ni Kabula. Bado alikuwa amepiga goti, macho chini, ila sauti yake ilikuwa imenyooka.

"Baba, naomba machicha ya Mayu yaende bomani siku yaleyale yanapochujwa. Tuyatie kwenye hori, Bulugu ale yakiwa mabichi, tena kidogokidogo asije akavimbiwa. Shambani kusibaki hata konzi. Na matikiti yenye funza asile mtu, asile ng'ombe, asile nzi."

"Tutayafanyaje?"

Hapo Judica akasaidia. "Mtayaokota kila siku, hata lile dogo lenye tundu moja. Mtayatia kwenye mfuko mzito wa nailoni, kama ule wa ndani ya viroba vya mbolea. Mtaufunga kabisa, muuweke juani. Joto litawaua funza humo ndani. Wakishakufa wote, mfukie uchafu huo kwenye shimo refu. Nzi wa nje watakosa chakula. Wakikosa chakula, pua zitaamka. Na zikiamka, watakutana na chupa za Kabula peke yake. Hamira mbadilishe kila wiki, isipoteze harufu."

Mzee Masele alitikisa kichwa. "Kwa hiyo tunawafungia hoteli zote, tunawaachia moja."

"Yenye maji ya sabuni," alisema Masunga.

*

Kesho yake walianza. Ile kazi haikuwa na harufu ya maua, nisikudanganye. Masunga alizoa lundo huku amejifunga shati puani. Milembe alikwangua machicha yake mwenyewe kwa jembe, akinung'unika kwamba mbolea nzuri inapotea, mpaka alipoona jinsi Bulugu anavyolamba hori. Mifuko iliyofungwa ilipangwa juani, ikavimba kama matumbo ya watoto wa shule siku ya sikukuu.

Siku za mwanzo mitego haikubadilika sana. Kabula aliichungulia asubuhi, mchana na jioni, mpaka Masunga akamwambia nzi watamwonea haya. Kisha asubuhi moja alifika kwenye mahindi na hakukumbuka hata kusalimia matikiti.

Chupa ya kwanza, nyeusi. Ya pili, nyeusi. Ile ya kona, aliyoiita mapambo ya Mzee, ilikuwa nyeusi zaidi ya zote.

"Masunga, nzugu!"

Safari hii Masunga hakuja na jembe. Alikuja anacheza.

Walimwaga nzi, wakaosha chupa, wakatia hamira mpya. Zikajaa tena. Wakamwaga tena. Kadiri muda ulivyopita, nzi wa kumwaga wakapungua, maana shambani walianza kupungua. Matikiti yaliyokuwa ukubwa wa ngumi yakawa ukubwa wa kichwa. Kila asubuhi Kabula aliyagonga na kusikiliza, moyo mkononi. Du. Du. Du. Moja moja lilisema pwa, nalo likaingia kwenye mfuko siku hiyohiyo.

Siku ya kuvuna ikafika. Mzee Masele alikuja na kisu chake. Hakuchukua tikiti aliloelekezwa. Alizunguka shamba zima, akachagua lililojificha chini ya majani, pembeni kabisa, karibu na mwanya. Akaliweka chini. Kabula alishika mkono wa Masunga.

Kisu kikaingia. Tikiti likapasuka lenyewe, kraa!

Jekundu. Jekundu mpaka ukingoni, mbegu nyeusi zimejipanga, na maji yanachuruzika.

Mzee alikula kipande cha kwanza. Akala cha pili. Maji yalimtiririka mpaka kwenye kiwiko. Akatema mbegu, akala cha tatu. Akafuta kisu kwenye suruali, akachukua fimbo, akaondoka.

"Amesema nini?" aliuliza Milembe.

"Hajasema," alijibu Kabula. Alimtazama Mzee akipita kwenye ule mwanya wa ua na kupotelea nyuma ya minyaa.

Wakaendelea kupakia matikiti kwenye guta. Hata Masunga alikosa utani, na hilo si jambo la kawaida.

Kisha wakasikia kitu kinaburutwa. Mzee Masele alikuwa anarudi kinyumenyume, anavuta tawi kubwa la miiba. Akaliweka kwenye mwanya. Akaenda akaleta la pili. Akalisukuma kwa mguu mpaka likashikana na ua. Hakukuwa na mwanya tena.

Nyuma ya ua alikuwa amesimama Bulugu. Alikuwa ametoka horini, tumbo kama ngoma. Lakini alinyoosha shingo juu ya miiba, akafumba macho, akaivuta harufu ya tikiti kwa nguvu mpaka puani pakatoa povu.

Mzee Masele alimtazama kwa hasira.

"Toka hapa! Hili shamba la Ng'wana Salu," alimwambia. "Na wewe huna haya. Nzi akishiba, pua yake inalala!"